Habari Niliyoitunga Kuhusu Emil Sabol

Kettle Run, Pennsylvania
16 Februari 1954

Mpendwa mpwa wangu Stefan,

Pokea salamu zangu, wewe na Helen na watoto. Natumaini hiyo mvua ya Seattle haijawaozesha mifupa. Mimi ni mzima. Kifua kinakohoa kama kawaida, lakini yule daktari aliyesema sitaiona Krismasi ya mwaka juzi kazikwa yeye, mimi nipo. Mama yako hajambo ila magoti. Anasema barua zako ni fupi mno. Nami nasema hivyo hivyo.

Hii naiandika kwa mkono wangu, na leo ni siku ya tatu. Ningeweza kumwomba Padre aniandikie, ana mwandiko mzuri, lakini yaliyomo humu sitaki yapite kwake. Ukikuta herufi zimelala, ziinue mwenyewe.

Uliniuliza habari za timu yetu ya Wachimbaji, nani kasajiliwa na nani kaachwa, na besiboli ikianza tutakuwa na timu gani. Tutakuwa na timu mbovu. Emil Sabol kauzwa Altmoor. Altmoor, Stefan, kwa mahasimu wetu, si kwingine. Mrushaji wa mkono wa kushoto ambaye mji huu haujapata kuzaa mfano wake, na mimi ningemzidi kama mgodi usingenikata vidole viwili. Ile nyumba aliyokuwa akiijenga Mtaa wa Tatu imesimama bila paa. Theluji imejaa mpaka jikoni.

Watu wanasema mwenye timu ana tamaa. Ni kweli, ana tamaa. Lakini aliyemuuza Emil ni mimi.

Unakumbuka mambo ya kwa kinyozi Juraj mechi zikiisha. Toka Oktoba mpaka Machi tunalizunguka jiko lake la makaa, na mwenye habari nzito ya timu kuliko wenzake ndiye anayepewa kiti cha ngozi kilicho karibu na moto. Wengine benchi. Baba yako alikikalia siku nne mfululizo mwaka ule wa mafuriko. Mimi nimekikalia kuliko mtu yeyote aliye hai, muulize umtakaye. Na kila mtu pale hutia chumvi kidogo. Hilo linajulikana, ndiyo raha yenyewe.

Sasa Novemba iliyopita akaanza kuja Gazdik, yule mstaafu wa reli, ambaye mwanawe anafanya kazi gazetini. Kila siku ana kitu. Mara uwanja utawekwa taa mpya, mara meneja kang'olewa jino. Wiki mbili nzima mtu ambaye hajawahi kushika gongo kakaa kwenye kiti, na mimi niko benchi la mlangoni na kifua changu hiki. Siku moja akaniambia mbele ya watu, "Babu Ondrej, usisogee hapo, unatuzibia upepo vizuri sana." Wakacheka wote. Hata Juraj, na wembe mkononi.

Hapo ndipo nikasema Emil Sabol kachoka na Kettle Run, anataka kwenda Altmoor. Yalinitoka tu, sikuyapanga. Gazdik akauliza nimeyatoa wapi. Ningeishia hapo ingekuwa porojo kama porojo nyingine. Badala yake nikasema nina mtu wangu ndani ya timu, simtaji jina, ila ni mtu anayedaka mipira ya Emil kila siku. Timu ina mdakaji mmoja, Tierney. Kila mtu akaelewa. Nikapewa kiti, nikakikalia siku tisa.

Mwana wa Gazdik akaitia gazetini. Mistari mitano chini ya matangazo ya mazishi, inasemekana hivi, inasemekana vile. Altmoor wakaisoma. Hawakuwa wamewaza kitu kama hicho, lakini kupiga simu ni kazi gani? Mwenye timu naye hakuwa na nia ya kuuza, ila aliona kama kijana anataka kwenda, basi aende sasa angali na mkono mzima. Kabla ya Krismasi yakawa yamekwisha. Hakuna aliyemuuliza Emil mwenyewe. Wote walidhani wanajua anachotaka.

Watu wakaja kunipa mkono kwa kuwa nilijua kabla ya gazeti. Niliupokea kila mkono.

Emil naye hakukosa kufikiri ni nani aliyesema. Tierney ni rafiki yake toka shule, alimsimamia harusini, msingi wa ile nyumba waliuchimba pamoja. Siku ya Mwaka Mpya Emil akamfuata kwenye ukumbi wa wachimba makaa, akamwita msaliti mbele ya wake zao. Tierney aliapa hajasema neno. Nani angemwamini, na mji wote unajua? Tangu siku hiyo hawasalimiani. Mke wa Tierney akimwona mama yake Emil, huvuka barabara asikutane naye.

Nilivumilia mpaka Januari ikaisha. Kisha nikaenda kwa Juraj, nikasimama katikati, nikawaambia habari ile niliitunga, Tierney hakuniambia kitu. Walicheka mpaka Juraj akaweka wembe chini. Gazdik akasema, "Jamani, Ondrej haikumtosha kuijua habari. Sasa anataka tuseme kamuuza yeye." Nikaapa kwa kaburi la mke wangu Marta. Wakacheka tena, ila kwa heshima kidogo. Miaka arobaini nimewaambia jinsi nilivyomtoa yule mpigaji mkubwa wa Pittsburgh kwa mipira mitatu, na nilidhani wananiamini.

Basi nikaenda kwa Emil. Nilimkuta anafunga masanduku. Nikamweleza yote nikiwa nimevua kofia, jambo ambalo sikumfanyia bosi yeyote mgodini. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akachukua kofia yangu, akanivisha mwenyewe. Akaniambia, "Mzee Ondrej, una moyo mwema. Lakini usimbebee Tierney mzigo wake. Aje aseme mwenyewe."

Akanifungia soseji za mama yake niende nazo nyumbani. Bado zinaning'inia jikoni, siwezi kuzila.

Kwa hiyo nakuomba, Stefan, na unajua mimi si mtu wa kuomba. Wewe umesoma, una mashine ya kuchapa hapo ofisini, na mguu wako haujakanyaga kwa Juraj miaka kumi. Mwandikie Emil kabla hajaondoka. Ataondoka tarehe mosi Machi kwenda mazoezini huko kusini. Mwambie mjomba wako ni mwongo, neno hilo hilo, usilipambe. Tia na barua hii ndani. Mistari mitano ya gazeti waliiamini wote, labda na yako wataiamini.

Usifikiri nalilia ubingwa. Timu mbovu nimeziona nyingi na nimezizika nyingi. Ninalolihofia ni Aprili. Mechi ya kwanza ni sisi na Altmoor, hapa kwetu. Emil atakuwa anarusha, na zamu ya Tierney ya kupiga ikifika, atasimama mbele yake na gongo. Kuna namna ya kurusha mpira ukampata mtu mbavuni na mwamuzi akaona umeponyoka tu. Emil anaijua. Nilimfundisha mimi, akiwa na miaka kumi na minne, nyuma ya ghala la makaa, na nilijisifu nayo mji mzima.

Mama yako anakusalimu, na dada yako Anka, na Padre. Mbusu Helen mkono kwa niaba yangu. Mungu awalinde na huo unyevu, na watoto wakue wakisema kweli.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata usiponiandikia,

Ondrej Hudak