Kipaumbele cha Tisa

Nyumba Na. 418, Barabara ya Hawthorn,
Duluth, Minnesota.
14 Machi

Mpendwa binamu Wendell,

Habari za Yuma? Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba jua la Arizona halijakukausha ukawa kama ng'onda. Sisi huku tu wazima. Barafu ya ziwa bado nene, wazee bado wamo vibandani mwao juu yake wakivua samaki, na jana theluji iliziba tena mlango niliokuwa nimetoka kuusafisha. Kwa hiyo usituonee wivu.

Mama yako goti linamsumbua, lakini sauna yake ya Jumamosi, ile ya kukaa kwenye mvuke, haikosi, na kuni anapasua mwenyewe. Nikimwambia, "Shangazi, nipe shoka hilo," ananijibu, "Wewe vilinde vidole ulivyobakiwa navyo." Goti linauma, mdomo mzima.

Hii ni barua yangu ya nne, nawe hujajibu hata moja. Nakujua: ukikutana na neno kreni tu, utaikunja karatasi uitie mfukoni. Tafadhali, safari hii soma mpaka chini. Nimelitaja jina lako mbele za watu bila ruhusa yako, na ni haki yako kujua kwa nini.

Jambo lenyewe lilianza Januari. Unakumbuka baraza la vyama vyote vya wajenzi wa jimbo hukutana Saint Paul kila mwaka, kupanga tutawabana wabunge kwa lipi. Mwaka huu orodha ilikuwa na mambo tisa. La kwanza, wanagenzi wetu wapate nafasi katika kila shule na kila daraja la jimbo. La pili, yabanwe makampuni yanayowaita vibarua wao "wakandarasi huru" ili yakwepe kuwakatia bima. Muswada wetu mafundi chuma, kwamba kreni isinyanyue kitu bila mtoa ishara, yule anayemwongoza dereva kwa mikono, aliyesomea kazi hiyo na kupimwa, ulikuwa wa tisa. Chini yake ilifuata namba ya simu ya mwenye ukumbi.

Gus Halvorsen, katibu wa tawi letu, alininong'oneza kwamba kuanzia la nne kwenda chini ni mapambo ya karatasi, kwa sababu wabunge hawabebi zaidi ya matatu. Nikamwambia basi letu litapanda.

Aliyenipinga ni Orville Trask wa mafundi bomba, yule mwenye masharubu kama brashi.

"Dada Darla, pole kwa mkono wako, nakwambia kweli. Lakini kupunga nako kunataka cheti? Juu ni juu, chini ni chini. Hata mjukuu wangu anajua!"

"Vizuri sana, mzee. Hebu shika birika hilo la kahawa."

Nikaweka kikombe cha Gus mezani, nikakikinga kwa jalada ili Orville asikione. Nikamsimamisha fundi umeme mmoja upande wa pili, mahali anapokiona, amwelekeze kwa mikono tu, mdomo kimya. Basi, kikombe kilipojaa, yule fundi akapunga. Orville akaelewa amimine. Fundi akapunga kwa nguvu zaidi, kumaanisha acha wewe! Orville naye akamimina kwa nguvu zaidi. Kahawa ikafurika meza nzima, ikaosha vipaumbele vyote tisa, ikamshukia Gus mapajani. Ukumbi ulicheka mpaka mwenyekiti akavua miwani.

Orville alibaki ameshika birika tupu. "Sasa hii ingekuwa boriti," alisema, bila kuulizwa na mtu.

Niliinua mkono wangu wa kulia, wenye gumba na kidole cha shahada tu, nikaurudisha mezani. Kura zilipopigwa, tulikuwa wa tatu, na Orville ndiye aliyetoa hoja. Mtu akikupinga kwa moyo safi hakawii kukuunga mkono.

Jumanne iliyopita ndiyo tukaitwa mbele ya kamati ya Seneti. Wenzetu walijaza chumba na ukumbi wa nje, helmeti magotini, wametulia kama watoto wa komunio ya kwanza. Kila msemaji alipewa dakika mbili. Gus alikuwa ameniandikia za kusema, na nilikuwa nimezikariri vizuri.

Aliyenitangulia ni wakili wa wakandarasi. Akasema sheria haihitajiki, kwamba ajali ya Duluth ilikuwa kosa la dereva wa kreni, na dereva mwenyewe anajua. "Mtu asiye na kosa," alisema, "halikimbii jimbo."

Wendell, damu ilinichemka. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo tusemavyo, na siku hiyo nililiona kwa macho yangu. Miaka mitatu umenyamaza ukidhani unajiadhibu peke yako. Kumbe ukimya wako wameuokota na kuutumia kama shahidi wao.

Nikaiacha karatasi ya Gus kwenye kiti. Niliyoyasema pale nakuandikia hapa, kwa sababu hukungoja kuyasikia. Ulikuja hospitali mara moja tu, nikiwa nimelala, ukaacha helmeti yako kitini ukaenda zako.

Niliwaambia jina lako ni Wendell Maki, mwana wa Irja Maki, na ulikuwa na miaka kumi na tisa ya kazi juu ya kreni. Niliwaambia kwamba asubuhi ile Arne, mtoa ishara wetu, alihamishiwa kwenye kazi nyingine, na msimamizi akamweka mahali pake kibarua aliyeajiriwa siku ileile. Wewe ulikataa. Msimamizi akakwambia theluji inakuja, boriti iende. Hukuiona boriti wala hukuniona mimi, maana nguzo ilikukinga. Ulichokiona ni mkono wa yule kijana tu. Naye alikuwa akiliashiria lori lirudi nyuma, hajui kwamba mkono huohuo kwako ni amri ya kushusha. Ukashusha, kama ambavyo dereva yeyote anayeijua kazi yake angeshusha.

Kisha nikawaambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliandika kwenye ripoti. Boriti iliponibana mkono wa kulia, niliutoa wa kushoto nje ya nguzo, nikaupunga ubavuni: simama. Mimi si mtoa ishara wako. Sikuwa hata na haki ya kukupangia chochote, isipokuwa hiyo moja. Nawe ulisimama papo hapo. Daktari alisema nusu inchi zaidi na ungekwenda mkono wote mpaka kwenye kifundo cha mkono. Gumba hili na kidole hiki ninachoandikia, ni wewe uliyeniachia.

Mwenyekiti wa kamati, seneta mmoja mama, mkulima wa viazisukari, akaniuliza, "Huyo dereva yuko wapi sasa?"

"Yuma, mheshimiwa. Anaziba matairi."

"Kwa nini?"

Dakika mbili zangu zikaishia hapo.

Muswada umepita kamatini, wanane kwa watatu. Alhamisi ya tarehe 28 unakwenda kwenye Seneti nzima. Zinatakiwa kura thelathini na nne, na Gus anasema tunazo thelathini na saba. Namwamini, maana mtu huyu hata kahawa ya moto haikumtoa kwenye hesabu zake. Utapita. Nakwambia kama ninavyokwambia kesho kuna baridi.

Arne atakuwepo roshani, na Orville, na mimi. Kiti cha nne nimekiwekea jina lako. Hakuna atakayekutaka useme neno. Kaa tu, waone kwamba upo.

Shangazi Irja anakubusu, na anasema sauna ina benchi mbili na makalio yake yanahitaji moja tu. Arne anakusalimu. Lois na watoto hapa nyumbani kwangu wanakusalimu. Mdogo anavaa helmeti yako akila nafaka zake asubuhi, usikasirike. Mungu akulinde barabarani, akupe usingizi mzuri, akuondolee mzigo usio wako.

Mwisho, binamu, nikukumbushe sheria uliyonifundisha mwenyewe siku yangu ya kwanza kazini. Ishara zote hutolewa na mtu mmoja, na dereva asimsikilize mwingine. Ila simama. Simama hutolewa na yeyote, na dereva haulizi kwa nini, anatii.

Basi nimenyoosha mkono, kiganja chini, naupunga ubavuni. Umekwenda mbali vya kutosha, Wendell. Simama.

Akupendaye kwa vidole vyote saba,
Darla