Majivu Kwenye Sukuma

Burat, 9 Februari 2024

Mwanangu Lodio,
Habari ya Mwea? Sisi hapa wazima, Mungu anatutunza. Simu yangu bado iko kwa fundi, ndiyo maana nimempa Jattani wa lori barua hii.
Jiko la pipa ulilonitengenezea Krismasi linachoma magunzi vizuri. Maharagwe yanaiva na siendi tena kutafuta kuni. Majivu yamejaa madebe manne. Niyatupe?
Mamako, Akolong

Mwea, 16 Februari 2024

Mama,
Habari ya nyumbani? Mgongo umepoa?
Usitupe! Hapa kiwandani tunachoma makapi ya mpunga kwenye tanuri, na wakulima wanapigania majivu. Ni mbolea hiyo. Mwaga yote kwenye mboga zako za sukuma. Jirani yako Sadiya akikukataza, usimsikilize, yeye anajua ngamia tu.
Mwanao, Lodio

Mwea, 20 Machi 2024

Mama,
Uko salama? Jattani anasema barua alikupa mkononi. Sukuma imekuaje?
Mwanao, Lodio

Burat, 2 Mei 2024

Lodio,
Natumai una afya. Mimi niko sawa, ila simu bado iko kwa fundi.
Sukuma iligeuka njano, ikakauka yote. Sadiya alinikataza kweli. Nikamwambia, “Mwanangu anafanya kazi ya majivu.” Nikamwaga madebe matatu.
Nilimwita Dida, afisa wa kilimo. Alipima udongo, akasema wetu una magadi tayari, na majivu yameyaongeza. Kwingine yanafaa, hapa hapana. Yaliyobaki nimechanganya na mahindi ya mbegu, na wadudu hawajayagusa.
Sikuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, na sikutaka uisome.
Mamako

Mwea, 8 Mei 2024

Mama,
Pole. Ningefurahi ungeniandikia hiyo hasira.
Niliongea kama mtu anayejua, na sikuuliza hata udongo wako ukoje. Hapa mimi ni wa kutia makapi kwenye moto tu. Nimeomba likizo ya wiki mbili. Nataka kuchimba hilo shamba na kutia samadi. Lakini sitakuja kama hutaki.
Mwanao, Lodio

Burat, 13 Mei 2024

Mwanangu,
Salamu nyingi. Mgongo umeanza tena, jembe silishiki.
Njoo. Samadi iko kwa Sadiya, amesema atatugawia. Lakini utaenda kumwomba wewe mwenyewe, kwa mdomo wako.
Mamako, Akolong