Mashati ya Baba Yako

Kibomet, Kitale

Mjukuu wangu Nafula,

Natumaini wewe na mama yako mnazidi kupata nafuu huko Bungoma. Huku tumeanza kuvuna mahindi, na babu yako amepona kikohozi.

Umeniuliza kama ni vibaya kuyakata mashati ya marehemu baba yako ili kutengeneza mito ya kochi, na kama mama yako ataumia.

Baba yangu alipofariki kule Naitiri, nguo zake ziligawanywa kwa ndugu zake, kama ilivyo desturi yetu. Mama alibakiza shati moja. Hakulikata wala hakulishona. Alilifunga vifungo, akalijaza matambara, akapindia ncha ya chini ndani, kisha akaifunga mikono fundo kwa mbele, likawa mto. Shangazi yangu alipouona alishtuka.

"Ati umemfunga kaka yangu mikono?"

"Si uuegemee kwanza, wifi."

Shangazi aliuegemea hadi chai yake ikapoa. Kabla ya kuondoka alifungua kifungo kimoja, akakifunga tena polepole.

Sina hakika kwamba hilo ni jibu; huenda kila mjane ana lake. Ila nadhani shati lisilokatwa humwachia mtu nafasi ya kubadili mawazo. Tengeneza mto mmoja bila mkasi, umwonyeshe mama yako. Akiufungua, usimzuie.

Lile shati la buluu la baba yako nihifadhie mimi niliyemzaa. Hilo usilijaze kitu.

Nyanya yako