Bahari Uliyonitajia Kila Desemba

Wafula rafiki yangu,

Bahari nimeiona. Nimekaa nayo siku tatu, nikarudi Kitale juzi, na jambo la kwanza ninalotaka kukwambia ni kwamba wewe ni mwongo. La pili ni kwamba kifua changu kimekuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Nianze na kile kilichonipeleka huko. Unakumbuka nilivyokuja kukuona hospitalini Bungoma? Ulikuwa umekonda hadi shati lilionekana la mtu mwingine. Nilikuletea maziwa mala, ukaonja vijiko viwili. Nilipoinuka kwenda, ukanishika mkono ukasema, "Njoroge, na bahari je?" Nilitoka nikaikosa hata njia ya kwenda getini. Siku nne baadaye ulikuwa umekufa.

Swali hilo lilinikaa kooni mwaka mzima. Miaka kumi na minane uliniomba twende tukavue maji ya chumvi, na miaka kumi na minane nilikataa. Ndiyo maana sijakanyaga kaburini kwako tangu siku ya mazishi. Mama Nekesa wako akinipigia simu nilikuwa namwambia kazi ya kusaga mahindi ni nyingi kwenye posho mill. Uongo mtupu. Niliona haya kumtazama mjane wa mtu ambaye aliniomba kitu kimoja tu, nami nikamnyima.

Na ile sheria yetu ndiyo ilizidi kuniumiza. Kila Desemba, mahindi yakishavunwa, tunachagua pahali pa umma pa kuvua, pasipo na mwenye shamba wa kutuuliza tumetumwa na nani. Anayekataa pendekezo la mwenzake hana haki ya kupendekeza tena mwaka huo. Aliyekataliwa ndiye anachagua pengine, na aliyekataa anabeba chakula. Mimi nilibeba chakula kila mwaka, Wafula! Unafika kwangu, unakunywa chai, unasema, "Bana, mwaka huu twende bahari." Nami nasema bahari ni mbali. Unashusha pumzi ndefu hadi Wanjiru wangu anakuhurumia, halafu unasema kwa unyonge, "Basi si twende hapo karibu."

Hapo karibu palikuwa karibu na kwako. Mwaka huu mto Nzoia chini ya maporomoko ya Webuye, mwaka ujao ile bustani ya kaunti yenye bwawa upande wa Kibabii, yenye viti vya simiti. Mimi natoka Kitale na kuku na chapati, wewe unakuja kwa miguu na kofia yako. Nilitamani sana vijito vya Mlima Elgon, kule juu ya Kapsokwony, na sikuwahi kupata nafasi hata ya kuvitaja. Lakini sikulalamika. Ningelalamika vipi, na mimi ndiye niliyekunyima bahari?

Isitoshe, uvuvi wenyewe ni wewe uliyenifundisha. Kwetu samaki hakuliwa. Mama alimwita nyoka wa maji, na wewe ulilipenda sana neno hilo. "Nyinyi kwenu hata omena mnaogopa," ulikuwa unaniambia mbele za watu. Na siku niliponasa kambare mumi wa kwanza nikatupa fimbo ya kuvulia nikakimbia, ulisimulia hadi kanisani.

Basi Desemba hii nikasema yatosha. Nitakwenda baharini kwa niaba yako. Nikajikaza, nikampigia simu Mama Nekesa, nikamwomba afuatane na mimi na Wanjiru. Alikubali kabla sijamaliza kueleza. Nilidhani ni uchungu.

Tulifika ufuo wa umma jioni, maji yamejaa hadi karibu na ukuta. Nikachagua pahali kwa kanuni zako zote: kivuli kipo, watoto wanaoogelea wako mbali, kina kiko karibu na ukingo. Nikaweka jiwe kama alama. Asubuhi nikarudi na fimbo, stuli mbili, na mkebe wa minyoo niliyoichimba nyuma ya posho mill. Stuli ya pili ilikuwa yako.

Bahari haikuwepo.

Ilikuwa imekwenda zake mbali kabisa, na pale nilipopanga kutupa ndoana wanawake walikuwa wanapita na ndoo. Bwawa la Kibabii halijawahi kutufanyia hivyo hata siku moja. Nilikaa kwenye stuli nikaingoja. Muuza madafu mmoja akaja akaniangalia, akauliza kwa adabu, "Mzee, wangoja nini?" Nikamwambia samaki. Akasema, "Maji yamekupwa, mzee wangu. Yatajaa baadaye. Na hiyo minyoo ya shamba, chumvi itaiua yote."

Hapo nikalia. Mtu wa miaka sitini na mbili, mkebe wa minyoo mapajani. Nikaangalia stuli yako nikasema kwa sauti, Wafula nisamehe, nimekuleta nimechelewa, na hata kukuleta kwenyewe sijui.

Mama Nekesa alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akitoa sauti, nikadhani naye analia. Nilipogeuka nikaona anacheka, ameziba mdomo kwa leso. "Shemeji, wacha kulia," akasema. "Huyo mtu alikuwa anaogopa bahari kukushinda."

Akanieleza yote. Kwamba kila Desemba kabla ya kuja kwangu ulikuwa unamwambia, "Naenda kumtajia Njoroge bahari. Akikataa, nachagua mimi." Kwamba ule mwaka mahindi yalipotuendea vizuri nikakwambia ngoja nifikirie, ulikaa siku mbili hata ugali haupiti, unaomba Mungu nikatae. Nikakumbuka! Ulinipigia simu wewe mwenyewe kuniambia ati barabara zimeharibiwa na mvua, tusijihatarishe. Nami nikakataa basi, nikabeba kuku kama kawaida, na kusimulia watu kwamba nina rafiki muungwana.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Nilidhani unajua. Nilifikiri mnadanganyana tu kama watoto." Halafu akaongeza, "Na mimi nilikuwa nataka kuiona bahari, shemeji. Nyinyi wawili ndio mlikuwa mnanikatalia." Akavua viatu akaifuata kule ilikokwenda, na Wanjiru nyuma yake. Hawakurudi hadi maji yalipowarudisha.

Jioni, tukila viazi karai, ndipo nilipopata ujasiri wa kumuuliza kuhusu siku ile hospitalini. Alikuwepo, kwenye kona, anakunja blanketi. Nikamwambia maneno uliyoniambia na jinsi yalivyonila. Hakucheka safari hii. Alifuta mikono yake polepole, akasema kwamba nilipofunga mlango ulimwita karibu ukamwuliza, "Umeona uso wake?" Kisha ukaanza kucheka. Ulicheka hadi ukakohoa, hadi akalazimika kukuinua kwenye mto. Akasema baada ya siku hiyo hakukusikia ukicheka tena.

Wafula! Mwaka mzima nimekimbia swali ambalo lilikuwa mzaha, na uso wangu wa mwenye hatia ndio uliokupa kicheko chako cha mwisho hapa duniani. Sijawahi kumpa mtu kitu kama hicho. Nilikupa bila kujua, nikatoka nikidhani nimekunyima.

Nimekukasirikia, usidhani sijakukasirikia. Kuku kumi na wanane! Lakini hasira yenyewe ni tamu, na nilikuwa nimesahau jinsi ya kukukumbuka bila kuinamisha uso.

Nakuahidi Jumamosi nakuja. Nitasimama hapo ulipolala nikutukane mpaka nichoke, halafu nitaingia nyumbani kwako nile chakula cha Mama Nekesa na kumtazama machoni. Nitakuwa nakuja kila Desemba, na katikati pia. Pumzika, mjanja wangu. Nilikuwa nimekuandalia maneno mengi ya kuomba msamaha, na sasa sina hata moja la kutumia.

Wako daima,
Njoroge