Paa Jekundu

Shangazi,

Shikamoo, tena pokea mbili, ya pili ni ya kumchukua mama. Mimi mzima, na uzuri umezidi. Wasichana wa mtaani wanapata tabu.

Huku bondeni msimu wa baridi umekaza. Upepo hakuna, na moshi wa matanuri ya mikate, pamoja na hili ninalochochea mimi, unagonga milima na kurudi kutulalia mpaka mchana. Asubuhi ile mama aliposhindwa hata kunigombeza, kifua kikipiga filimbi, niliogopa kweli. Ukasema, "Mlete huku juu, usinichoshe na maswali." Asante, shangazi. Jana dereva wa lori la unga aliniletea salamu za mama: kanitukana mbele yake dakika nzima bila kukohoa! Nikamwomba dereva ayarudie matusi yote, polepole.

Sasa ona akili ya mtu aliyeishia darasa la sita. Nimepaka paa letu rangi nyekundu, mtaa mzima hakuna jingine. Kila asubuhi chungulia huku chini. Ukiliona, mrudishe mama. Ukiona moshi tu, kaa naye, uvumilie anavyokoroma.

Kijana wako mtanashati,
Mchochea Tanuri