Kiti chako kwenye kampuni ya vipimo

Furaha, rafiki yangu,

Sasa mimi ndiye ninakaa kwenye kiti chako. Ile pikipiki ilipokuangusha mutoni, njia ya Salamabila, na tukakuzika, kampuni ilibaki bila mutu wa kupima damu hapa Kasongo. Shefu, mukubwa wetu wa kazi, akatuma watu kuniita kule Wamaza. Nilikuja nikiwa bado nimevaa nguo za kilio.

Unakumbuka tulivyoomba kazi hii pamoja, sisi wawili wa darasa moja? Wakakuchukua wewe. Mimi nikarudi kwenye kituo cha afya, kwa ile mikroskopi inayongoja jua ndipo ionyeshe kitu. Ulikuwa ukipita kututembelea, koti jeupe limepigwa pasi, watoto wanakukimbilia. Mimi nilikuwa nacheka nao, na roho inaniwaka.

Basi sasa nimeonja. Ni kweli, kazi iko nzuri. Mashini zinasoma damu zenyewe, glavu hazikosi, mushahara unakuja mwezi ukiisha. Kampuni si kubwa sana, shefu anajua jina la mutoto wangu. Lakini si ndogo pia: amri zinatoka kwa wakubwa wa Kindu ambao hawajawahi kuniona. Asiyeweza kulipia kipimo anarudishwa mulangoni, na mimi namwangalia akienda. Na yule aliyelipa anakuwa kichupa chenye namba. Nikishatoa jibu, sijui kama alipona. Hayo hukuniambia. Nilikuwa nikikuuliza, unajibu tu, "Iko kazi."

Na watu wako, Furaha. Kila siku wanakuulizia. Muzee mumoja alirudisha mukono wake ndani ya koti, akasema, "Furaha alikuwa hanichomi kwa kuniumiza." Nilimubembeleza, nikamuchoma polepole, hata hakushtuka. Akanishukuru, halafu akaendelea kukusifu wewe. Umekufa, na bado unanishinda.

Juma lililopita mama yako alikuja na homa. Nilimutoa damu, ikaonekana malaria. Tulipokuwa tukingoja dawa, akaniambia ulikuwa unarudi nyumbani jioni na kunizungumzia mimi.

"Alikuwa anakuonea wivu, mwanangu," akasema. "Alisema wewe wa Wamaza unakutana na wagonjwa wako sokoni, wamepona, wanakusalimia kwa jina."

Kwanza nilikasirika. Hata wivu ulikuwa nao, na ukaunyamazia. Miaka yote nakuangalia wewe, kumbe wewe nawe... Nililia palepale, mbele ya wagonjwa, mpaka shefu akanishika mukono akanitoa nje.

Lala salama, dada yangu. Sitakudanganya, wivu haujaniisha. Koti lako ninalivaa, na kazi nitaishika vizuri. Lakini Siku ya Mungu, tukitoka kanisani, nitapanda mpaka kwa mama yako nione kama homa imemutoka. Nitafanya vile kwake, na kwa wengine nitakaoweza kuwafikia kwa miguu. Kampuni haijanituma.

Mwenzako,
Zawadi