Mita Tatu Kutoka Mlangoni

Jumanne, 1 Januari 2019

Leo ndiyo leo! Marufuku imeanza — hakuna kuvuta sigara mgahawani, Malaysia nzima. Nimekusanya visahani vyote vya majivu nikavitia kwenye boksi. Miaka yote hii ya kuuza kahawa hapa Ipoh nimevuta sigara za watu bila kuwasha hata moja. Kifua changu kinajua.

Sheria inataka mvutaji akae mita tatu mbali. Mume wangu, Kam Weng, alisema tuwapeleke uchochoroni nyuma, penye mapipa ya taka. Nikakataa. Moshi utaingia jikoni, na huko siwaoni. Waende mbele, niwaone! Mwenyewe nikapima, mwenyewe nikapiga mstari wa rangi ya njano. Mtaa wetu mwembamba — mstari umeangukia ng'ambo, chini ya turubai la saluni ya Suet Yee. Sikufikiria. Nilikuwa na furaha.

Anko Maniam, mstaafu wa reli, mteja tangu enzi za baba mkwe, alisimama pale mstarini na kikombe chake. "Anti, moshi ukigeuka kurudi ndani utaufukuza kwa fagio?" Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Alhamisi, 3 Januari

Meza ya wazee ni bunge sasa. Anko Maniam: kila mwenye mgahawa aachiwe aamue, asiyetaka moshi akanywe chai kwake. Nikamwuliza, na mimi niliyefunga aproni, nikanywe wapi? Akachukua kikombe chake, akaenda zake mstarini. Kam Weng akamfuata.

Mume wangu huyu — achemshe kahawa, avute moja, achemshe, avute. Zamani alivutia hapa kaunta, nikawa naona mgongo tu. Sasa namwona uso. Anacheka sana huko. Hivi ana meno yote yale?

Suet Yee naye huvuta. Zile nyembamba. Alirudi kutoka Kuala Lumpur mwaka jana, kaachana na mumewe, nywele kazitia rangi ya chai ya maziwa. Si mbaya. Haya, ni mzuri! Nimeandika.

Jumapili, 6 Januari

Ameweka viti! Viti vya plastiki na feni, eti watu wakisimama juani anawaonea huruma. Huruma! Wateja wangu wanabeba kahawa yangu, katika vikombe vyangu, wanakwenda kuketi kwake. Na mume wangu yumo, kakunja nne kama bwana harusi.

Nilikwenda kukusanya vikombe. Suet Yee akasema, "Dada, karibu, pata upepo kidogo." Nikamwambia nina kazi mie. Kam Weng akacheka: huyu hapendi moshi. Huyu! Sina jina? Naitwa Poh Choo. Nimemzalia watoto watatu.

Jumatano, 9 Januari

Kam Weng kanyolewa. Vizuri, tena kapunguzwa pembeni kama kijana. Nikauliza, nani kakunyoa? Eti alikuwa palepale anavuta, Suet Yee hakuwa na mteja, basi ikawa hivyo. Nusu saa vidole vya mwanamke yule kichwani mwa mume wangu, na mimi huku napaka watu siagi kwenye mkate!

Nimeunguza mkate wa meza mbili. Wivu huu utanifilisi.

Ijumaa, 11 Januari

Nimekula matapishi yangu. Nilimnong'oneza Anko Maniam kwamba pengine alisema kweli, mwenye mgahawa aamue mwenyewe. Akanitazama. "Anti, umeshikwa na homa?" Kisha akaniambia yeye ameshabadili mawazo! Nje kuna upepo, kuna gumzo, na kikohozi chake kimepungua. Marufuku idumu, anasema. Mzee wa ajabu!

Mchana mvua kubwa. Hakukuwa na mteja hata mmoja. Kam Weng akachukua mwavuli. Nikamwambia, vuta hapa kaunta leo, nani atakuona? Nilisema kwa sauti tamu kabisa. Mimi, niliyegombana na mtaa mzima!

"Tutozwe faini kwa sababu ya sigara moja?" akasema. "Sheria ni sheria, bosi. Si wewe uliyepiga mstari?"

Akavuka. Mwavuli wangu, ule wa maua.

Jumatatu, 14 Januari

Saa tisa, mgahawa umetulia. Asubuhi nilifua mashati yake. Nilinusa la kwanza, la pili, yote. Hayanuki moshi. Nikafurahi kama mjinga! Nikajisemea, unaona, marufuku imemponya, sasa anavuta kidogo tu.

Sasa hivi kapita hapa, kajifuta mikono, kachana nywele. "Naenda kuvuta moja." Akaenda.

Sigara zake ziko hapa kaunta. Kiberiti kiko juu yake. Nimechukua pakiti nimwite, kasahau — pakiti nzima. Nailoni haijachanwa. Ina vumbi.

Sasa alikuwa anakwenda kuvuta nini siku zote hizi?

Nawaona. Viti vimesogezwa karibu. Yeye mikono mitupu. Suet Yee naye mikono mitupu, hawashi kitu, anamsikiliza. Hawacheki leo. Afadhali wangecheka. Anamweleza jambo taratibu, kwa mikono, kama alivyokuwa akinieleza mimi kabla hatujawa na mgahawa, kabla hatujawa na chochote.

Anko Maniam anadai mayai yake. Nimemwambia asubiri.

Nikimpelekea hii pakiti, nitasema nini? Umesahau sigara zako? Nikae kimya? Nimchanie nailoni mwenyewe nimwashie moja mbele ya yule mwanamke? Kalamu mkono mmoja, pakiti mkono mwingine, na miguu haitaki.

Kam Weng ameinua macho. Ameniona. Ameona nilichoshika.

Hasimami.